Saa iliyoganda dakika ya 12

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Refa akikosea muda kwenye mechi ya watoto, alaumiwe nani?" Najibu bila kuzunguka, kwa sababu refa mwenyewe nilikuwa mimi.

Nafundisha shule ya msingi huku Lindi. Filimbi nilipewa kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa michezo, na shuleni kwetu hicho ndicho cheti pekee kilichotakiwa. Ilikuwa mwezi wa kumi, msimu wa korosho. Mechi ya chini ya miaka 15, dakika 30 kila kipindi, ilipangwa kuanza saa kumi jioni. Wageni walitimia saa kumi na moja kasoro robo, wengine bado wananuka mabibo. Hapo jua lilikuwa limebakiza kama saa moja na nusu tu, nami nikawa na haraka kuliko wachezaji.

Dakika ya 12 kipa wa wageni akagongwa goti. Nikasimamisha saa, nikammwagia maji, akainuka anachechemea, watu wakampigia makofi, nikaruhusu mpira uendelee. Saa sikuiwasha. Nilipoitazama tena ilikuwa imeganda kwenye 12:40 na mpira ulishakwenda huku na huko mara nyingi. Tumbo likanicheza. Nikakadiria zimepita dakika nne, nikabonyeza kitufe, nikanyamaza.

Wenyeji wakafunga bao pale mwishoni. Wakati wa mapumziko akanifuata mtoto anayeuza barafu, simu ya tochi mkononi. "Mwalimu, kwangu imesoma 37." Alikuwa ameiwasha tangu nilipopuliza kuanza. Ukitoa mbili za yule kipa, zinabaki 35. Maana yake nilizidisha dakika tano, na bao liliingia ndani ya hizo tano. Nikamwambia, "Wewe nenda kauze barafu zako."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata ile saa.

Nikajiona mjanja: ili mizani ikae sawa, kipindi cha pili nikakimaliza dakika ya 25. Wageni walikuwa wanakwenda kupiga kona. Kisingizio nilikuwa nacho, giza linaingia. Nilipokuja kuisoma vizuri Sheria ya 7 ya mpira wa miguu, ile ya muda wa mchezo, nikakuta jambo hilo limekatazwa waziwazi: refa haruhusiwi kufidia kosa la muda la kipindi cha kwanza kwa kurefusha au kufupisha cha pili. Na ukilitafakari, ni haki. Waliofungwa ndani ya dakika za bure ndio hao hao niliowanyang'anya tano za kusawazisha. Niliwaibia mara mbili, halafu nikawapa mkono wa pole.

Msiseme ni ushamba wa viwanja vya mchanga. Wengi tuliona, tukiwa tumebanana kwenye vibanda umiza, mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Tunisia na Mali kule Limbe, Kamerun, tarehe 12 Januari 2022. Janny Sikazwe wa Zambia, refa wa kimataifa mwenye wasaidizi na vifaa vyote, alimaliza mpira dakika ya 85, akauendeleza, akaumaliza tena sekunde chache kabla ya 90. Baadaye timu ziliitwa kurudi uwanjani; Mali walitoka, Tunisia walikataa, na bao moja la Mali likabaki hivyo hivyo. Mwenyewe alieleza kuwa joto lilimzidi. Namwamini. Nimechezesha mpira huku pwani juani, najua kichwa kinavyokuwa.

Kwa hiyo alaumiwe nani? Refa, ndiyo, lakini zaidi kwa kuficha. Filimbi ikilia mapema na refa hajatoka uwanjani, sheria inamwachia nafasi ya kuwarudisha wachezaji wamalizie zilizobaki. Aibu yake haifiki hata usiku. Ila waandaaji nao wana fungu lao. Mechi ikichelewa, dakika zipunguzwe kabla ya kuanza, makocha wote wawili wakubali, kanuni za mashindano ziruhusu, na vipindi viwe sawa. Ishirini na tano kwa ishirini na tano ingetutosha siku ile, na jua lingetukuta tunakunywa maji. Wazazi wanaopiga kelele "refa, muda!" mimi siwahesabu, timu yao ikiongoza muda umekwisha tangu jana, ikifungwa ndiyo kwanza kumekucha.

Siku hizi navaa saa mbili. Ya kushoto ikianza haisimami hata mtu azimie. Ya kulia ndiyo naisimamisha mpira ukisimama kwa jeraha au mabadiliko, na nikiisahau, ya kushoto inanisuta. Mezani namweka mtoto mmoja mwenye simu, na kabla ya kupuliza mapumziko lazima nimtupie jicho. Wa kwanza kukaa pale alikuwa yule wa barafu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, akacheka, akaniuliza kama atalipwa.

Watoto wameshanibatiza jina, Mwalimu Saa Mbili. Juzi mgeni mmoja alifika shuleni kunitafuta, akaambiwa "Saa Mbili yuko darasani". Akakaa kwenye benchi kusubiri, akidhani nitakaa darasani kwa saa mbili.