Faili haisomi, halisomeki au halikusomwa?

SWALI: Ninaandika programu ya kusoma picha za PCX, zile za enzi za DOS ambazo programu nyingi za leo hazihangaiki nazo. Ikishindwa, inamwandikia mtumiaji: “Faili haisomi.” Mwenzangu mmoja anasema niandike “haisomeki”, wa pili anataka “haikusomwa”, na wa tatu anatucheka sote kwa kuwa, anavyodai, faili ni la ngeli ya li-ya. Nani yuko sahihi? Nimeambatisha kipande cha msimbo na maelezo yake.

JIBU: Wenzako wanabishana kana kwamba maneno hayo yanagombea nafasi moja. Hayagombei. Kila moja lina hitilafu yake, na msomaji wa PCX anaweza kukutana na zote.

Nianze na lako, “haisomi”. Katika mazungumzo neno hili limekwishashika: laini haisomi, kadi haisomi, salio halisomi. Sioni sababu ya kulipigia kelele, maana Kiswahili hukipa kifaa nafasi ya mtenda bila wasiwasi: kisu hakikati, kalamu haiandiki, mita inasoma sifuri. Lakini tazama vizuri: kisu ndicho kinachokata, na mita ndiyo inayosoma. Faili halisomi kitu, linasomwa. Katika ujumbe wako wapo wawili, programu inayosoma na faili linalosomwa, na kosa linaweza kuwa la yeyote kati yao. Ukiandika “faili haisomi”, mtumiaji hajui alaumu upande upi. Neno hilo libakie kwa programu: “Programu hii haisomi PCX za rangi 16.” Hapo limetua mahali pake, na linasema ukweli ambao waandishi wa programu huuficha mara nyingi: faili ni zima, ila mwandishi hakuishughulikia sehemu hiyo.

“Haisomeki” ni kauli ya kutendeka. Huongelea hali ya kitu chenyewe, au uwezekano wa jambo kufanyika juu yake. Mwandiko usiosomeka hausomeki, aje nani. Kauli hii haibebi mtenda, ndiyo maana “halisomeki na programu” inakwaruza sikio. Kumbe basi ni neno zito: unapoliandika unatoa hukumu juu ya faili, hukumu ambayo programu nyingine yoyote ingepaswa kuifikia. Kabla ya kuitoa, jiulize programu yako imeona nini hasa.

Chukua mfano kutoka kwenye msimbo wako. Faili la PCX huanza na kichwa cha baiti 128, na baiti ya kwanza kabisa ni 10. Wewe unaikagua, vizuri; ukikuta namba nyingine unatoa ujumbe uleule mmoja. Tuseme umekuta 137. Hiyo ndiyo baiti inayoanzisha kila faili la PNG, aina nyingine ya picha, kwa hiyo yaelekea mtu amebadilisha tu jina la faili. Je, halisomeki? Linasomeka sana, ila si PCX. Mwambie hivyo: “Hili si faili la PCX.” Hukuhitaji kitenzi chochote.

Hali ya pili: baiti ya kwanza ni sahihi, lakini vipimo vina kasoro. PCX haitaji upana moja kwa moja. Inataja ukingo wa kushoto na wa kulia, nawe unatoa mmoja kwa mwingine na kuongeza 1. Ukingo wa kulia ukiwa mdogo kuliko wa kushoto, upana unatoka sifuri au hasi, na hakuna programu duniani itakayoichora picha hiyo. Sasa “picha haisomeki” inafaa. Ningependa zaidi “kichwa cha faili kimeharibika”, kwa kuwa kinaonyesha mahali penyewe. Ila usiandike “kimeharibiwa”, kama ulivyofanya kwenye mstari mmoja, kwa sababu kutendwa humwita mtenda, na programu yako haimjui. Vivyo hivyo kwa faili lililoishia njiani wakati wa kupakuliwa: limekatika, kama umeme unavyokatika. “Limekatwa” ni tuhuma.

Katika PCX ya rangi 256 ukatikaji huo hujitambulisha mapema, kwa kuwa paleti, yaani orodha ya rangi za picha, iko mkiani: baiti 769 za mwisho, ya kwanza yake ikiwa 12 na zilizobaki 768 zikiwa rangi zenyewe, tatu tatu. Usipoiona ile 12, andika “Paleti ya rangi haikupatikana.” Patikana ni wa ukoo mmoja na someka, sawa na onekana na julikana, ila hawa wamevaa -kana badala ya -ka. Hakuna kanuni fupi ya kukuambia kitenzi kipi kinavaa kipi. Vitenzi hivyo ni vichache, na sikio hulijua hilo kabla ya kamusi.

Tuje kwa mwenzako wa pili. “Haikusomwa” ni kauli ya kutendwa, na inasimulia tukio tu: usomaji haukufanyika. Haisemi faili ni bovu. Ni neno la hali zile ambazo kosa liko nje ya faili, kwa mfano mtumiaji hana ruhusa ya kulifungua au kumbukumbu ya kompyuta imejaa. Usilichanganye na “haijasomwa”, ambayo kiambishi chake -ja- kinaahidi kuwa kazi bado inaendelea. Orodha ya mafaili yanayosubiri zamu inaweza kusema “halijasomwa” kwa haki kabisa. Programu iliyokwisha kukata tamaa ikisema hivyo, inamfanya mtu akae akingoja bure.

Na ngeli? Faili husikika katika ngeli zote mbili, “faili hili, mafaili haya” na “faili hii, faili hizi”, na kila upande una watu wenye Kiswahili chao safi. Mwenzako wa tatu hana haki ya kukucheka. Hata hivyo, katika kazi hii namuunga mkono, tena kwa sababu ambayo yeye hakuitaja. Picha ni i-, programu ni i-, paleti ni i-, baiti ni i-. Ukilipeleka faili kwenye i- pia, basi “haisomeki” iliyosimama peke yake kwenye kisanduku kidogo cha ujumbe inaweza kuwa ya yeyote kati ya hao watano. Faili likibaki kwenye li-, “halisomeki” ni lake peke yake na “haisomeki” inabaki ya picha. Tofauti hiyo ina maana hapa, kwa sababu faili linaweza kusomwa lote, baiti kwa baiti, na picha iliyomo isichoreke.

Jambo la mwisho hukuliuliza, nimelikuta kwenye maelezo yako ya ukandamizaji, yaani kulipunguza faili ukubwa: “Baiti inajirudia mara 5.” Kwenye skrini ndivyo inavyoonekana, rangi moja imejirudia pikseli tano mfululizo. Ndani ya faili hakuna kilichojirudia. Kuna 197, kisha 30. Programu inatoa 192 kwenye 197, inapata 5, halafu yenyewe inaiandika 30 mara tano kwenye kumbukumbu. Anayejirudia hahitaji mtu wa kumrudia. Baiti hii inamhitaji, na ukimwambia msomaji kwamba inajirudia, atazitafuta faili zima hizo 30 tano asizione. Rangi ndiyo hujirudia, baiti hurudiwa. Sentensi yako iwe: “Baiti ikiwa 192 au zaidi, toa 192 upate idadi, baiti inayoifuata hurudiwa mara hizo.”