Klachi ya Beetle isipoachia, kagua kebo kabla ya kushusha injini

Mkuu, umesema Volkswagen Beetle yako ya 1972 ukitia rivasi inakwaruza, padeli ya klachi imelegea, na fundi ameshakwambia mshushe injini mbadilishe pleti, kile kisahani cha klachi kilicho kati ya injini na giaboksi. Subiri kwanza. Mimi nina ya 1969 niliyoachiwa na baba, na nilibaki kidogo nikubali ushauri kama huo. Kumbe ugonjwa wangu ulikuwa kwenye kipande cha chuma kisichofika hata urefu wa kidole.

Klachi ya gari hii haitumii mafuta kama breki, ni kebo tupu. Inaanzia kwenye ndoano iliyo chini ya padeli, inapita kwenye kibomba ndani ya ule mgongo wa katikati ya gari, inatokea nyuma na kuingia kwenye bomba la kupinda, halafu inaishia kwenye mkono wa klachi upande wa kushoto wa giaboksi. Hapo imefungwa kwa nati yenye masikio mawili. Gari hizi zilishinda Safari Rally mwaka 1962 kwa mfumo huohuo, kwa hiyo usikubali mtu akwambie kebo ni dhaifu. Inataka kuangaliwa tu.

Zima injini, inua nyuma kwa jeki, weka stendi (usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake), toa tairi la kushoto. Mtu akanyage klachi, wewe tazama ule mkono. Ukiona padeli inazama hadi chini lakini mkono unasogea kidogo tu, pleti bado haina kesi.

Mimi nilipoona hivyo nikafungua padeli. Hapo ujue pini ya fimbo inayosukuma silinda kuu ya breki lazima itoke, lakini urefu wa fimbo yenyewe usiuguse. Padeli zilipotoka nikaiona: ndoano imelika upande mmoja mpaka imebaki nyembamba kama msumari, na jicho la kebo, ambalo huwa duara, limevutika kama yai. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea akaijaza, nami nikakaa na tupa jioni nzima nikiirudisha umbo lake. Kebo nikanunua mpya.

Kurudisha ndiko kunakotoa watu jasho, maana jicho linachomoka kwenye ndoano kila ukitaka kukaza bolti. Dawa yake ni grisi nzito kwenye ndoano, kisha mtu alale nyuma aivute kebo na kuishika hivyo hivyo, asiiachie mpaka umekaza. Mwanangu ndiye alinishikia. Halafu angalia kile kibati cha kuzuia padeli sakafuni. Kikiwa nyuma sana, padeli inalala na jicho linachomoka tena siku ya kwanza barabarani.

Kwenye kurekebisha, shika ncha ya kebo kwa koleo isijisokote, ndipo uzungushe nati. Padeli iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuwa nzito. Usikaze zaidi eti gia ziingie laini. Bila mchezo klachi haishiki sawasawa, pleti inateleza na kuungua, na hapo utashusha injini kweli.

Ukimaliza, kama gari inatetemeka wakati wa kuondoka, tazama lile bomba la kupinda. Linatakiwa lining'inie kwa upinde wa milimita 25 hadi 45. Likinyooka sana, unaongeza wosha pale linapokaa kwenye kishikio cha giaboksi. Wengi hawalijui hili, na nimeona watu wakibadilisha pleti nzima kwa sababu ya wosha mbili.

Kuna jambo moja naliogopa. Kibomba cha ndani ya mgongo kikiachia pale kilipochomelewa, padeli inakuwa kama unakanyaga sponji na ukisikiliza unasikia mlio wa kukoroma. Kukirudishia kunataka kutoboa mgongo na kuchomelea, na humo humo ndani unapita mrija wa petroli. Usimruhusu mtu awashe moto hapo kabla tangi halijatolewa na mrija kusafishwa.

Sasa ukikuta ndoano ni nzima, kibomba kimekaza, mchezo uko sawa, na mkono unatembea vizuri lakini rivasi bado inakwaruza, basi fundi wako yuko sahihi. Shusheni injini.