Mtoto Katangaza Chenji, Hela Kaondoka Nazo: Maswali ya Wanaoanza Programu

Safari hii nimechukua maswali ya fanksheni (fungu la maagizo lenye jina lake), prosija na klasi. Mifano yote ni ya lugha ya programu ya Python 3. Ombi dogo kwanza: maagizo tunayoiandikia kompyuta tuyaite msimbo, tusiyaite "kodi". Mtu akiniandikia "mwalimu, nimekwama na kodi" huwa nadhani mwenye nyumba kashakuja kugonga.

Shikamoo mwalimu. Fanksheni yangu inaonyesha jibu sahihi, 1500, lakini nikijumlisha na nauli programu inagoma na kunitajia NoneType. Nimekosea wapi? (Morogoro)

Marahaba. Ulichonitumia ni hiki:

```
def bei(idadi):
    print(idadi * 500)

jumla = bei(3) + 600
```

Chukulia umemtuma mtoto dukani na noti ya elfu kumi. Kanunua sukari, karudi, kasimama mlangoni akatangaza, "Chenji elfu saba!" Kisha huyo, kaenda kucheza, hela ziko mfukoni mwake. Kiasi umekisikia, ila mkononi huna kitu.

`print` ni ile sauti ya mlangoni. `return` ndiyo mkono unaokukabidhi. Fanksheni ikifika mwisho bila `return`, Python inakurudishia `None`, yaani mkono mtupu, na wewe ukataka kujumlisha mkono mtupu na 600. Badilisha mstari wa pili uwe `return idadi * 500`, na `jumla` itakuwa 2100. Ukitaka kuiona, andika `print(jumla)` chini, nje ya fanksheni.

Kinachowapoteza wengi ni lile dirisha lenye alama ya `>>>`. Pale ukiandika `bei(3)` jibu linajitokeza lenyewe hata kama hukuweka `print`, kwa hiyo mtu anaona print na return ni mapacha. Hamishia msimbo huohuo kwenye faili uone: kimya. Mimi nina mazoea ya kuiacha fanksheni ihesabu tu, mambo ya kuonyesha yakae nje, kwa sababu jibu la leo ni la skrini lakini kesho utalitaka liende kwenye faili au kwenye hesabu nyingine. Na ukishaandika `return`, usipange kazi chini yake kwenye njia hiyohiyo. Mtoto akishakabidhi chenji, safari imekwisha.

Chuoni tunasoma lugha ya Pascal, na huko prosija ni kitu kimoja, fanksheni ni kingine. Mbona kwenye Python prosija siioni? (Mombasa)

Ipo, ila haina neno lake. Niklaus Wirth, Mswisi aliyeitoa Pascal mwaka 1970, alitenga `procedure` kwa kazi inayofanywa ikaisha na `function` kwa kazi inayoleta thamani. Python inatumia `def` kwa zote mbili. `bei` ya kwanza ya mwenzako wa Morogoro ilikuwa prosija bila mwenyewe kujua. Kwenye mtihani jibu kwa Kipascal.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaweza? (Kigoma)

Utaweza. Maneno yaliyotengwa na Python yenyewe ni 35 hivi, na mwanzoni unahitaji kama kumi. Majina mengine unayatunga: `bei`, `nauli`, `hesabu_faida`. Jihadhari na ng'ombe tu. Ile alama ya juu kwenye ng' Python inaichukulia kuwa ni mwanzo wa maandishi, itakulalamikia kwamba hukuyafunga. Andika `ngombe`, walimu wa Kiswahili watusamehe.

Klasi naanza kuzielewa, ila hili neno self linanitoa jasho. Nikiliacha naambiwa nimetuma vitu viwili, na mimi nimetuma kimoja! (Mweka hazina wa kikoba, Tanga)

Basi tufungue daftari lako. Bila klasi ungekuwa na orodha mbili, ya majina na ya akiba, zinaenda sambamba. Mwanachama akijitoa, unafuta jina lake na kusahau kufuta akiba yake. Wote waliokuwa chini yake wanaamka na hela za mtu mwingine, na kikao cha Jumamosi hakikaliki. Klasi inafunga jina na akiba kwenye fungu moja:

```
class Mwanachama:
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
        self.akiba = 0

    def weka(self, kiasi):
        self.akiba = self.akiba + kiasi

asha = Mwanachama("Asha")
asha.weka(5000)
```

`__init__` ndiyo inayomwandikisha mwanachama mpya, akiba ikiwa sifuri. Sasa self. Kwa Kiswahili huwezi kusema "-liweka elfu tano" ukaishia hapo, nani? Mpaka uweke *a-* au *ni-* mbele. `self` inafanya kazi ya kiambishi hicho: inasema akiba inayoongezwa ni ya nani. Ukiandika `asha.weka(5000)`, Python inaisoma kama `Mwanachama.weka(asha, 5000)`. Asha mwenyewe anatumwa kimyakimya, ndiyo maana ukahesabiwa viwili. Ukiondoa `self`, kiti chake hakipo.

Walioanzisha jambo hili la klasi ni Wanorwei wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, kwenye lugha ya Simula 67, waliyoikusudia kuiga shughuli halisi ndani ya kompyuta. Kikoba chako kingewafaa sana.

Sina kompyuta, nina simu ya Android. Nisubiri? (Dodoma)

Usisubiri. Weka programu ya simu iitwayo Pydroid 3, inaendesha Python bila bando. Mateso yako yatakuwa nafasi za mwanzo wa mstari: zihesabu nne nne, maana mstari mmoja ukizidi wenzake kwa nafasi moja tu programu haitembei, na kwenye kioo kidogo hiyo moja huioni.