Jibu: Mzee anasema kizazi chetu hakina uvumilivu

Mkuu umeuliza kama kweli vijana wa sasa ni wavivu kama mzee wako anavyodai, eti kisa umeacha kazi baada ya miaka miwili tu. Mi naona hapo vimechanganywa vitu viwili, umri na zama. Yeye mwenyewe akiwa na miaka 25 huenda babu yako alimwambia hayo hayo, hebu muulize. Ila zama nazo zina mambo yake, mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika tangu 1928 kwamba yale mtu anayokutana nayo ujanani ndo yanamjengea jinsi ya kuiona dunia, sasa mzee kama aliingia kazini enzi ambazo ukikaa sehemu moja miaka 30 unatoka na pensheni na heshima, we umeingia kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, huo uaminifu unampa nani?

Mi mshua alinikuta jioni nimezima simu ya kazi namfundisha mwanangu kufunga kamba za viatu, akaniangalia weee, akauliza "na bosi akikutafuta?" Nikamwambia atanipata asubuhi. Akanuna mpaka tunaenda kulala. Siku kadhaa baadaye akaja kuniambia kwa sauti ya chini, hakumbuki nani alinifundisha mimi kufunga viatu. Nikakosa la kusema aisee.

So usibishane naye habari za uvivu, mpe tu huo mkataba wako ausome mwenyewe.