Kukutwa na hati ghushi si kughushi

SWALI: Katika habari za mahakamani nasoma kwamba mtu "alipatikana na hati ghushi ya shamba", lakini kichwa cha habari kinasema "Aghushi hati". Ni sawa? Na tuseme hati ghushi au hati ya kughushi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Si sawa hata kidogo, na kosa hili humpaka mtu matope. Kughushi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kuharibu kitu halisi kwa hila. Atiaye maji kwenye maziwa ya kuuza anayaghushi. Kwa hiyo aliyeghushi hati ni yule aliyetia mkono wake: aliiga sahihi, alichonga muhuri, au alifuta jina la mwenye shamba akaandika lake. Aliyekutwa nayo mkobani huenda ndiye aliyetapeliwa.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inayatenga mambo haya. Kughushi ni kutengeneza waraka wa uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Kuuwasilisha ni kosa la pili, na lazima ithibitike kwamba mshtakiwa alijua ni wa uongo. Adhabu zinalingana, nadhani ndiyo maana waandishi huchanganya: kwa kawaida kifungo kisichozidi miaka 3, ila kwa wosia au hati ya umiliki kinaweza kufika maisha. Utetezi ndio unaoachana. Wa kwanza atataka mwandiko wake ulinganishwe na mtaalamu wa maandishi, wa pili atasema, "Niliuziwa, sikujua." Ukimwandikia huyu wa pili "alighushi", umemnyang'anya utetezi wake kabla hajasimama kizimbani.

Tena, si kila karatasi yenye uongo ni ghushi. Nikiandika barua kwa jina langu na sahihi yangu kwamba nimefanya kazi bandarini miaka 10, ilhali sijawahi, nimesema uongo, na huenda nikajibu kwa kosa jingine. Nikitia sahihi ya meneja wa bandari, hapo nimeghushi, kwa kuwa barua yenyewe inajidai imetoka kwa mtu asiyeiandika.

Hati ghushi na hati ya kughushi zote ni sahihi. Kenya hupenda ya kwanza, Tanzania ya pili. Feki na kufoji tuwaachie mazungumzo. Ila "nyaraka moja" hapana: ni waraka mmoja, nyaraka nyingi. Kichwa kile kingesomeka: "Adaiwa kupatikana na hati ghushi".