Kuchora kwenye ukuta chakavu: maliza kwanza habari ya unyevu

Michoro mingi ya kwenye majengo yaliyochakaa haiuliwi na jua. Inauliwa na maji na chumvi vilivyomo ukutani. Ukipaka praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) kabla hujajua maji yanatoka wapi, rangi itafanya malengelenge na kubanduka pamoja na plasta, hata uwe umenunua ya bei gani.

Pima hivi: kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, iache saa 24. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, ukuta umebeba maji. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa tu. Chanzo mara nyingi ni mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja, au udongo uliorundikana kwenye msingi. Hicho kirekebishwe kwanza.

Ule unga mweupe juu ya matofali ni chumvi. Uondoe ukiwa mkavu, kwa brashi ngumu. Ukiuosha, chumvi inayeyuka, inarudi ndani, kisha inajitokeza tena ukuta ukikauka.

Baada ya hapo gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na tofali, ing'oe. Plasta ya chokaa izibwe kwa chokaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mafundi wengi hukimbilia saruji, lakini ni ngumu mno kwa ukuta wa namna hiyo na hubana unyevu, kwa hiyo kiraka kinabaki na kando zake zinabomoka. Plasta mpya ya saruji ipe siku 28 kabla ya kupaka rangi ya akriliki (rangi ya maji yenye plastiki), kwani alikali yake, yaani ukali wa saruji mbichi, hupausha baadhi ya rangi. Kwenye chokaa tupu, rangi ya silikati (rangi ya madini, si ya plastiki) ni bora zaidi: inashikana na madini ya ukuta na kuruhusu mvuke kutoka. Juu ya rangi ya zamani ya plastiki haishiki.

Kama unataka uchakavu wenyewe uonekane kwenye picha, usikwangue kila kitu. Toa magamba yaliyolegea, acha yaliyoshika, kisha kingo zake zinyweshe gundi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji. Msanii Mreno Vhils hufanya kinyume cha kupaka: huchonga na kutoboa tabaka za ukuta mpaka sura ya mtu itokeze. Rangi za zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa ya kuchuja vumbi, tandika nailoni chini.

Kuhusu kiasi, lita 1 ya rangi inayofunika mita za mraba 10 kwenye ukuta laini inaweza kuishia mita 5 za mraba kwenye ukuta wenye mashimo. Ukuta kama huo wa mita 6 kwa 4 utakula karibu lita 5 kwa mkono mmoja wa rangi.

Ruhusa iwe ya maandishi, na itaje jengo likiuzwa au kubomolewa picha itakuwaje. Michoro ya 5 Pointz, jengo la New York lililojaa grafiti, ilifunikwa kwa rangi nyeupe na mwenye jengo mwaka 2013. Wasanii 21 walishtaki, na mwaka 2018 mahakama ikawapa dola milioni 6.75. Michoro yenyewe haikurudi.