Kwa muuguzi mpya: nimonia ya mgonjwa wa kiharusi huanzia mdomoni

Wengi mnaoanza kazi kwenye wodi za hapa Nairobi mnafika mkiwa macho kwa presha na sukari, na ni vyema. Lakini nimonia ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi wagonjwa waliokwisha kunusurika kiharusi chenyewe. Karibu nusu yao hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Chai, uji, hata mate yao wenyewe hupotea njia na kuingia mapafuni. Wengine hawakohoi kabisa kwa kuwa koo limekufa ganzi, kwa hiyo usitulie eti kwa sababu mgonjwa hajapaliwa.

Asitiwe kitu mdomoni, hata tembe ya presha, kabla hajapimwa kumeza. Awe macho na ameketi wima. Mpe kijiko cha chai cha maji, tazama koo linavyopanda, kisha mwambie aseme "aaa". Rudia mara kadhaa ndipo ujaribu kikombe. Akikohoa, maji yakichuruzika pembeni mwa mdomo, au sauti ikitoka yenye majimaji, acha papo hapo, andika kwenye faili na umwite daktari.

Saa ya kuona wagonjwa ndiyo hunitia wasiwasi zaidi. Binti ametoka Kayole na chupa ya uji wa wimbi, anataka mamake apate nguvu, na anamnywesha akiwa amelala chali. Usimfokee. Huyu ndiye atakayemlisha nyumbani miezi ijayo. Mwambie, "Dada, ngoja nikuonyeshe." Ikiwa mama amepimwa na kuruhusiwa kula, mketisheni wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo kipitie upande wenye nguvu, na ameze kabisa ndipo kije kingine. Akimaliza, chunguzeni ndani ya shavu lililopooza. Mara nyingi tonge la ugali hubaki hapo bila yeye kuhisi. Asilazwe kabla ya nusu saa kupita.

Mpira wa kulishia wa puani haumalizi hatari, maana mate yenye vijidudu bado hushuka. Kwa hiyo mswaki ni lazima, asubuhi na jioni, hata kwa asiyekula chochote. Asiye na meno, safisha ufizi na ulimi. Meno bandia yatolewe usiku. Kazi hii hudharauliwa sana wodini, nami naihesabu sawa na dawa.

Familia wakiomba antibiotiki za kukinga, waeleze kwa upole. Tafiti mbili kubwa za Uholanzi na Uingereza zilizochapishwa mwaka 2015 hazikuona nimonia ikipungua kwa njia hiyo.

Zamu ya usiku, usingoje homa, kwani wazee wengi hawapandi joto. Hesabu pumzi kwa dakika nzima na utazame oksijeni. Pumzi zikienda mbio au akianza kuchanganyikiwa ghafla, mwite daktari usiku huo huo.